Parafujo za Mabati na Mashine ya Kuzifungia

Katika miezi ya Januari na Februari, wakati nchi ya Uasin Gishu ni kavu na mahindi yamekwisha kutolewa shambani, watu wengi wa Eldoret na wa mashamba ya kandokando hupata nafasi ya kujenga. Zamani aliyepita katika njia ya kwenda Ziwa au Moiben alijua kwamba nyumba inaezekwa kwa kusikia nyundo. Siku hizi nyundo zingalipo, lakini mahali pengi zimechanganyika na mlio mwembamba wa mashine, kama nyigu aliyefungiwa katika kopo. Hiyo ni mashine ya umeme ya kufungia parafujo, au skrubu kama mafundi wa Kenya wanavyozoea kusema. Habari hii ni kwa ajili ya yule anayetaka kununua mashine ya namna hiyo, na pia kwa mwenye nyumba ambaye hatanunua mashine yoyote, ila atamlipa fundi aliye nayo.

Sababu ya mageuzi hayo si fahari. Paa lililokuwa la mbao linazidi kuwa la chuma. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ya Kenya ilikataza kukata miti katika misitu ya umma, na mbao zikawa adimu. Katazo hilo lilitangazwa kuondolewa mwezi wa Julai 2023, lakini baadhi ya wajenzi waliokwisha kujifunza kuunda kenchi za chuma hawakuona haja ya kurudi nyuma. Mchwa hali chuma, wala chuma hakipindi kama ubao uliopigiliwa ungali mbichi. Shida ni moja: msumari wa mabati, ule wenye kichwa kama mwavuli, hauingii katika chuma. Pao za chuma, yaani vile vyuma vinavyolala juu ya kenchi ili kupokea mabati, zataka parafujo ijitoboleayo yenyewe.

Parafujo za kazi hii ziko namna mbili, na kuzichanganya ni mwanzo wa hasara. Ya kwanza ina ncha kali kama mwiba. Hiyo hujikatia hesi, yaani ile njia ya mizingo inayoishika, lakini katika chuma kinene yataka tundu litangulie kutobolewa kwa keekee. Ya pili ina ncha iliyochongwa kama keekee ndogo, yenye mifereji ya kutolea chembe za chuma. Hiyo hutoboa, hukata hesi na kukaza kwa safari moja. Kwa mabati juu ya pao za chuma, hii ya pili ndiyo itakiwayo.

Ncha hizo hupewa namba. Namba 3 hutoboa chuma chenye unene wa kama milimita 5, na namba 5 hufika milimita 12. Unene huo ni wa bati na upao pamoja. Pao za nyumba nyingi na maghala madogo hazizidi milimita 3, na bati lenyewe ni kama sehemu tatu za kumi za milimita moja, kwa hiyo namba 3 yatosha. Ncha ikiwa fupi kuliko unene wa chuma, hesi huanza kuvuta kabla tundu halijatokea upande wa pili. Hesi hutaka kwenda mbele haraka kuliko ncha iwezavyo kutoboa, na parafujo hukatika shingo. Hapo fundi hulaumu kiwanda kilichoitengeneza, na kiwanda hakina kosa.

Afadhali msomaji apige hesabu kidogo kabla ya kuendelea. Ghala lenye paa la mita za mraba 80 huweza kuhitaji parafujo mia tano na zaidi. Maana yake ni kwamba mwenye ghala amenunua mabati mazima, yasiyopitisha tone, kisha amelipa mtu ayatoboe mahali mia tano. Kila tundu lategemea kipete kimoja cha mpira kilicho chini ya kichwa cha parafujo, ambacho mafundi hukiita washa. Kipete hicho kikikaa vizuri, paa ni zima. Kikipondwa au kikilegea, paa limekuwa chujio.

Na Eldoret si mahali pa kufanyia mchezo na paa. Mji huo, ambao wenyeji wengine hata leo huuita Sisibo kwa kukumbuka shamba namba 64 ilipojengwa posta yake ya kwanza, na ambao ulipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, uko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari. Mvua yake hupita milimita 1,000 kwa mwaka, nayo mara nyingi huja alasiri kwa upepo na mvua ya mawe. Chini ya mabati hayo ndipo yanapolala mahindi. Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao hutaka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, gunia lililo chini ya parafujo inayovuja halikai katika kipimo hicho muda mrefu. Mwaka 2004, katika nchi ya Ukambani, mahindi yaliyowekwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini. Waliougua walihesabiwa 317, na 125 kati yao wakafa. Sumu ile haikuletwa na matundu ya paa, ila kwa mahindi kuhifadhiwa kabla hayajakauka. Lakini ukungu haujui maji yametoka wapi.

Sasa tuje kwenye mashine. Keekee ya umeme ya kushikwa kwa mkono si jambo jipya; ilitengenezwa mwaka 1895 na kampuni ya Fein huko Stuttgart katika Ujerumani, na ile isiyo na waya, yenye betri yake, ilitolewa na Black & Decker wa Marekani mwaka 1961. Kilicho kipya ni wingi wake. Mnunuzi anayeingia katika duka la vyuma mjini huona rafu nzima ya mashine zinazofanana kwa umbo, kila moja na kifyatulio kama cha bastola, na muuzaji humwonyesha kwanza namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye sanduku.

Namba hiyo ndiyo impotezayo. Nguvu ya kuzungusha hupimwa kwa nyutoni-mita. Ili kuielewa, mtu afikirie spana yenye urefu wa mita moja, na uzito wa kilo moja umening'inizwa mwisho wake: hiyo ni karibu nyutoni-mita 10. Parafujo ya kawaida ya mabati, yenye unene wa milimita 5.5, hukatika ikizungushwa kwa nguvu ya kadiri hiyohiyo, au kuzidi kidogo. Lakini mashine ndogo ya betri huandikwa nyutoni-mita 50, na ile ya kugonga huandikwa 150 au 180. Hakuna mashine katika rafu ile ambayo haiwezi kukata parafujo. Basi anayechagua kwa kutafuta namba kubwa afanana na mtu atafutaye fahali wa kuvuta uzi katika tundu la sindano.

Yapasa kutafuta mambo mawili mengine: mashine yenye mwendo ufaao, na mashine ijuayo kusimama.

Mwendo hupimwa kwa mizunguko ya dakika moja, na huandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Parafujo ya milimita 5.5 yenye ncha namba 3 haitaki kuzidi mizunguko 2,500 kwa dakika, na kwa fundi asiyezoea, mizunguko 1,500 hadi 1,800 ni salama zaidi. Ncha namba 5 katika chuma kinene yataka mwendo wa polepole, kama 1,000 tu. Sababu yake ni moto. Parafujo hizi ni za chuma kilichogumishwa kwa nje, na joto likizidi ugumu huo huondoka. Ncha hugeuka rangi ikawa ya samawati, tundu hung'aa kama kioo, na parafujo huzunguka bila kuingia. Hapo wengi hukandamiza zaidi kwa kifua na kuongeza mwendo, na kwa kufanya hivyo huunguza hata mahali pale penye upao. Parafujo iliyoungua imekwisha. Itupwe, itwaliwe nyingine, na mwendo upunguzwe.

Kuhusu kusimama, mashine hutofautiana sana, na hapa yafaa kuzitazama moja moja.

Mashine ambayo mtu wa kawaida huijua ni keekee ya betri yenye gia mbili na klachi. Gia ya kwanza huzunguka polepole, kama mizunguko 500, na ya pili hufika 1,500 au 2,000. Klachi ni ile pete yenye namba iliyo nyuma ya mdomo wa mashine. Nguvu ikifika kipimo kilichowekwa, klachi huachia kwa mlio wa takataka-taka na parafujo haizunguki tena. Fundi huanza na namba ndogo katika kipande cha upao kilichobaki, huongeza namba moja moja mpaka kipete cha mpira kikae sawasawa, na tangu hapo parafujo zote mia tano hukazwa kwa kipimo kimoja, ya kwanza ya asubuhi na ya mwisho ya jioni, hata mkono ukiwa umechoka. Ikiwa klachi yaachia mapema, wakati hesi ingali inakatwa, namba moja ya juu hutosha. Keekee nyingine zina pia alama ya nyundo, kwa ajili ya kutoboa mawe na saruji. Katika kazi ya chuma alama hiyo isiguswe kabisa, kwa maana mdundo wake huvunja ncha ya parafujo.

Ya pili ni bisibisi ya umeme ya mafundi wa mapaa. Hii haina mdomo wa kushika keekee za kila namna. Ina pua yenye kipimo. Fundi huirekebisha pua hiyo, na inapogusa bati, mashine hujiachia yenyewe, bila kujali mkono wake. Kwa fundi aezekaye kila siku hakuna iliyo bora. Lakini zipo mbili zinazofanana kama mapacha. Ile ya mabati huzunguka mizunguko 2,500 au chini yake. Ile ya kufungia mbao za jasi ndani ya nyumba huzunguka 4,000 na zaidi, nayo huunguza ncha katika chuma kwa sekunde chache. Muuzaji asiyejua huziweka katika rafu moja, na ile ya jasi mara nyingi ni rahisi zaidi. Kibandiko kisomwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Ya tatu ni ile ya kugonga, ambayo mafundi huiita impakti. Ni fupi, ni nyepesi, haikurupuki mkononi, na kwa hiyo imependwa sana katika vibanda vya jua kali. Ndani yake mna nyundo ndogo ambayo, parafujo ikianza kuwa nzito, hupiga maelfu ya mapigo kwa dakika ili kuizungusha. Sifa hizo ni za kweli, na katika kufunga vyuma vinene, milimita 4 au 5, fundi mzoefu huitumia bila hasara. Lakini nyingi hazina klachi. Hazisimami zenyewe, husimama pale kidole kinapoachia kifyatulio, na kati ya wakati kipete cha mpira kimekaa na wakati kimepondwa hakuna hata nusu sekunde. Katika pao nyembamba za milimita moja hesi huchunwa yote, na parafujo hubaki imesimama katika tundu kubwa kuliko yenyewe, ikishikwa na rangi. Bati likifungwa juu ya mgongo wake, kama ilivyo desturi ili maji yapite pembeni, mgongo hubonyea ukawa bonde dogo, na maji yaliyokuwa yakikimbia sasa husimama palepale penye tundu. Baadhi ya mashine hizo za miaka ya karibuni zina swichi ya parafujo zijitoboleazo, ambayo hupunguza mwendo mara tundu linapotokea upande wa pili. Mwenye kuipenda impakti aitafute yenye swichi hiyo.

Kwa mtu anayejenga nyumba yake moja na ghala lake moja, na ambaye baadaye angependa kutumia mashine hiyohiyo kutengeneza mlango wa zizi, keekee ya betri yenye gia mbili na klachi ndiyo ya kununua, iwe na volti 18 na betri mbili: moja kazini, moja katika chaji. Asisumbuliwe na sanduku lililoandikwa volti 20. Betri ya namna hiyo ina seli tano mfululizo. Kila moja ni volti 4 ikiwa imejaa na volti 3.6 katika kazi, kwa hiyo 20 na 18 ni betri ile ile yenye majina mawili. Namba kama 48 au 88 zilizochorwa kwa rangi kubwa kwenye mashine ndogo za bei nafuu, mara nyingi si volti hata kidogo. Ni pambo. Katika betri kipimo cha kuulizwa ni saa za ampea: volti 18 mara saa 4 za ampea ni wati-saa 72, na hiyo ndiyo akiba ya kazi iliyomo.

Betri isiachwe juu ya bati wakati wa jua, kwa kuwa joto huila haraka kuliko kazi. Lakini hata hivyo betri ina faida kubwa juu ya waya. Waya wa volti 240 unaoburutwa juu ya mabati yenye makali, pengine yangali na umande, huweza kulitia umeme paa zima pamoja na watu walio juu yake.

Mahali ambapo umeme haujafika, wengine huleta jenereta. Hapa Eldoret ina jambo lake. Katika mwinuko wa mita 2,100 hewa ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Jenereta iliyoandikwa wati 1,000 yatoa kama 800. Mashine ya wati 600 itazunguka, lakini jenereta hiyo isitwikwe pia chaji mbili na redio ya mafundi.

Mwenye nyumba ambaye hashiki mashine kwa mkono wake ana haki ya jambo moja kabla ya kazi kuanza. Amwombe fundi afunge parafujo tano katika kipande cha bati juu ya kipande cha upao, palepale chini, kisha azitazame. Parafujo nzuri husimama wima. Kipete chake cha mpira huonekana kidogo tu kuzunguka ukingo wa kifuniko cha chuma, wala hakikutokeza nje kama ulimi. Kifuniko hakikubinuka. Akijaribu kuzungusha kipete kwa vidole, hakisogei. Kama tatu kati ya tano zimepondwa, mashine ibadilishwe au klachi irekebishwe, na neno hilo lisemwe kwa adabu, maana fundi naye hapendi kurudi mwezi wa Aprili kuitwa mwizi.

Wakati wa kazi yenyewe mashine hukandamizwa kwa uzito wa mwili uliotulia, bila kuyumbishwa, na fundi asivae glavu zilizolegea karibu na kitu kinachozunguka; miwani ya macho avae, kwa kuwa chembe za chuma hurukia juu. Soketi inayoshika kichwa cha parafujo ina sumaku, na sumaku hiyo hujaa chembe. Zikijaa, kichwa hakikai ndani, parafujo huyumba, na tundu huwa pana. Kila baada ya parafujo ishirini au thelathini soketi ifutwe kwa kitambaa. Ni kazi ndogo ambayo karibu kila mtu huisahau.

Chembe zilizoanguka juu ya paa zifagiliwe jioni ileile kwa ufagio laini. Zikilala na umande wa Eldoret huota kutu kabla ya siku tatu, na kutu yake huacha madoa mekundu juu ya bati jipya, ambayo mwenye nyumba huyadhani ni bati bovu aliyouziwa.

Mvua ya kwanza ikinyesha, mtu aingie ndani ya ghala kabla magunia hayajapangwa, atazame juu, na kutia alama ya chaki chini ya kila tone. Parafujo inayovuja kwa sababu kipete chake kimepondwa hutolewa, na nyingine mpya ya unene uleule huwekwa. Ile iliyochuna hesi haifai kukazwa tena, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuishika. Hutolewa, na mahali pake hutiwa ya milimita 6.3, ambayo hujikatia hesi mpya katika tundu lilelile. Hiyo ifungwe kwa klachi ya namba ndogo na mwendo wa polepole, baada ya bati kukauka.